Kesi ya wakili Willie Kimani: walipopatikana na hatia, adhabu ingekuwa gani?

Ijumaa tarehe 22 Julai 2022, katika Mahakama Kuu ya Milimani, Nairobi, Jaji Jessie Lessit aliwapata watu wanne na hatia ya mauaji ya wakili Willie Kimani na wenzake wawili. Watatu walikuwa polisi wa utawala (AP): Fredrick Leliman, Stephen Cheburet na Sylvia Wanjiku. Wa nne, Peter Ngugi, ni raia aliyekuwa akiwapelekea polisi habari. Mshtakiwa wa tano, Leonard Mwangi, ambaye pia alikuwa afisa wa polisi, aliachiliwa huru.

Baada ya siku hiyo wasikilizaji walituuliza mengi. Kuna waliofurahi kwamba polisi naye anaweza kushtakiwa na kesi ikamwangukia. Kuna waliosema miaka sita ni mingi mno kwa familia kungoja. Kuna waliotaka wanne hao wanyongwe mara moja. Na kuna waliouliza: kama wamehukumiwa, mbona hatukuambiwa siku hiyo wamefungwa miaka mingapi? Tumeyakusanya maswali hayo na kuyaeleza moja baada ya jingine.

Kesi ilianzia kwa mwendesha bodaboda

Kesi hii inajulikana kwa jina la wakili, lakini mzizi wake ni malalamiko ya mwendesha bodaboda. Mwaka 2015 alipigwa risasi na polisi, akajeruhiwa. Badala ya kunyamaza, alipeleka malalamiko kwa IPOA, mamlaka huru inayochunguza mienendo ya polisi. Baada ya hapo alijikuta yeye ndiye mshtakiwa, akipelekwa mahakamani kwa makosa aliyosema ni ya kusingiziwa. Willie Kimani, aliyekuwa akifanya kazi na shirika la International Justice Mission, akachukua kesi yake.

Tarehe 23 Juni 2016 wakili na mteja wake walitoka katika mahakama ya Mavoko wakiwa kwenye gari la dereva wa teksi. Hawakufika nyumbani. Walitekwa njiani na kufungiwa katika kituo cha polisi wa utawala cha Syokimau. Akiwa humo, wakili aliandika ujumbe kwenye karatasi ya choo na kuurusha nje, na mpita njia akauokota. Wiki moja hivi baadaye miili ya wote watatu iliopolewa mtoni karibu na Ol Donyo Sabuk.

Nchi ilishtuka. Mawakili walisusia mahakama na kuandamana, na waendesha bodaboda na madereva wa teksi wakaungana nao barabarani.

Hatia ni jambo moja, adhabu ni jingine

Neno "hukumu" linatuchanganya kwa sababu tunalitumia kwa mambo mawili. Kwanza, jaji anaamua kama mshtakiwa alitenda kosa au hakutenda. Pili, akishaona alitenda, anaamua atapewa adhabu gani. Kilichofanyika tarehe 22 Julai ni lile la kwanza. Siku hiyo la pili lilikuwa bado.

Katikati ya hatua hizo mbili kuna kazi. Afisa wa probesheni huandika ripoti kuhusu maisha ya kila aliyepatikana na hatia. Mawakili wake hupewa nafasi ya kumwombea apunguziwe adhabu. Na kwa mujibu wa sheria ya kuwalinda waathiriwa ya mwaka 2014, familia za waliouawa zina haki ya kuieleza mahakama jinsi kifo kilivyowaumiza: mzazi aliyepoteza tegemeo, mjane, watoto wa kusomesha. Kwa familia nyingi hiyo huwa mara ya kwanza kusikilizwa kuhusu maumivu yao wenyewe. Wakati wa kesi huulizwa tu walichokiona na walichokijua.

Je, lazima wanyongwe?

Kifungu cha 204 cha sheria ya makosa ya jinai ya Kenya kinasema anayepatikana na hatia ya mauaji atahukumiwa kifo. Kwa miaka mingi jaji hakuwa na la kuchagua. Mambo yalibadilika tarehe 14 Desemba 2017, pale Mahakama ya Juu ilipoamua katika kesi ya Muruatetu kwamba kumlazimisha jaji kutoa adhabu ya kifo ni kinyume cha Katiba. Adhabu ya kifo haikufutwa. Jaji bado anaweza kuitoa, lakini sasa anaweza pia kutoa kifungo cha maisha au cha miaka kadhaa.

Anayetaka kitanzi ajue jambo jingine: Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987. Wanaohukumiwa kifo hubaki gerezani, na marais wamewahi kubadilisha adhabu hizo kuwa kifungo cha maisha. Rais Mwai Kibaki alifanya hivyo mwaka 2009 kwa wafungwa zaidi ya 4,000, na Rais Uhuru Kenyatta mwaka 2016 kwa wafungwa zaidi ya 2,700. Kwa hiyo hata tukisikia neno "kifo" siku ya adhabu, maana yake kwa kawaida ni maisha ya gerezani.

Jaji hupima nini?

Mahakama ya Juu ilitaja mambo ya kuangaliwa. Miongoni mwake ni umri wa mkosaji, kama ni kosa lake la kwanza, kama alikiri, tabia yake ya awali, kama anajuta, na kama anaweza kurekebishika. Sheria inataka pia muda aliokaa mahabusu akingoja kesi uhesabiwe.

Hapo kila mtu hupimwa kivyake. Aliyepanga na aliyesaidia hawana uzito mmoja, ingawa wote wana hatia. Tusishangae watu waliopatikana na hatia pamoja wakipewa adhabu tofauti, wala tusiharakishe kusema pesa zimepita. Tusikilize sababu za jaji kwanza.

Aliyepewa adhabu ana siku 14 za kutoa taarifa ya kukata rufaa. Kesi inaweza kwenda Mahakama ya Rufaa, na familia zinapaswa kujiandaa kwa safari hiyo.

Kwa nini mmoja aliachiliwa?

Swali hili limewaudhi wengi. Katika kesi ya jinai, mzigo wa kuthibitisha uko kwa upande wa mashtaka, na lazima uthibitishe kiasi cha kutobakisha shaka ya maana. Ushahidi ukipungua kwa mtu mmoja, jaji hana budi kumwachilia, hata kama alishtakiwa pamoja na wengine. Sheria hiyo hiyo ndiyo itakayomlinda kijana wako siku akikamatwa kwa sababu tu alikuwa amesimama karibu na wezi.

Tunachokiona sisi

Furaha ya watu tunaielewa. Si mara nyingi polisi wanashtakiwa kwa mauaji, na ni nadra kesi kama hiyo kufika mwisho. Lakini kuna swali linalotusumbua, na tunaamini linawasumbua wengi mlioko mashinani: kama siku ile angeuawa yule mwendesha bodaboda peke yake, kesi hii ingefika hapa?

Tukisema ukweli, wakili alikuwa na shirika nyuma yake, alikuwa na chama cha mawakili, na jina lake lilijaa magazetini. Mwendesha bodaboda alikuwa na pikipiki yake na malalamiko yake. Ndiyo maana watu wengi vijijini huona heri kunyamaza. Wanajua anayelalamikiwa ana bunduki, ana pingu, na anajua njia ya kwenda nyumbani kwao.

Kwa hiyo adhabu katika kesi hii haiwahusu watu wanne tu. Watatu hawa waliuawa baada ya mmoja wao kufanya kile tunachoambiwa wote tufanye: kwenda kwa mamlaka na kufuata mkondo wa sheria. Tulitamani kusikia mahakama ikilisema hilo wazi, kwamba kumuua mtu kwa sababu alilalamika ni kuwatisha wote wanaofikiria kulalamika, na kwamba sare ya polisi na seli ya serikali huongeza uzito wa kosa. Idadi ya miaka itasahaulika, lakini sababu hizo zitatumiwa na mahakama nyingine kesho.

Wakati huo nchi ilikuwa ikielekea uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022, na ilikuwa rahisi habari hii kumezwa na siasa. Tusiiache ipotee. Wagombea wanaopita kuomba kura waulizwe watafanya nini ili mashahidi walindwe na IPOA ipate watu na pesa za kutosha kufika mbali na miji mikubwa.

Na wewe msikilizaji, yashike haya. Ukikamatwa, Kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kuambiwa sababu, kunyamaza, kuwasiliana na wakili au mtu wako, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Mtu wako akikamatwa, enda kituoni mapema, usiende peke yako, na uulize kama jina lake limeandikwa katika kitabu cha matukio, OB. Kupeleka malalamiko kwa IPOA ni bure. Ukiyapeleka, weka nakala, na mwambie mtu unayemwamini.