Mtoto wa Kundi O

Baba ana damu ya kundi A, mama B, mtoto akipimwa ni O. Kuna nyumba ambamo karatasi hiyo ya maabara imetosha kuzua minong'ono: mtoto huyu katoka wapi? Toleo hili la Juni, mwezi wa wachangia damu, linataka minong'ono hiyo ikome, na njia ya kuikomesha ni kukijua kimeng'enya kimoja.

Uso wa seli nyekundu za damu umeota vinyororo vya sukari. Mwenye kundi A ana kimeng'enya kinachopachika nchani sukari iitwayo N-asetilogalaktosamini. Cha mwenye kundi B hupachika galaktosi. Mwenye AB anavyo vyote viwili. Kila kimoja kina asidi amino 354, na vinatofautiana katika 4 tu. Hata hivyo kingamwili za mgonjwa huitambua tofauti ya sukari hizo, na damu isiyooana yaweza kumuua. Karl Landsteiner aliyatangaza makundi haya kule Vienna mwaka 1901, kabla hakijajulikana kinachoyatenganisha.

Na O? Mwaka 1990 Fumiichiro Yamamoto na wenzake walionyesha kwamba jeni ya O imepungukiwa herufi moja. Herufi hiyo ikidondoka, zinazofuata husomeka kombo, kimeng'enya hutoka kibovu, na ncha ya mnyororo hubaki bila nyongeza. Jeni hii hujificha: mtu wa kundi A au B anaweza kubeba nakala yake moja asijue, maana ile nzima inatosha kufanya kazi. Baba na mama wote wakiibeba, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto wa O.

Wala O si kasoro. Tafiti za Mali na za Kilifi zimeonyesha kuwa watoto wa kundi hili hupatwa na malaria kali kwa nadra zaidi, kwani seli zao zilizovamiwa na vimelea hazigandamani sana na seli nyingine hata kuziba mishipa midogo.

Tunawaomba walimu wa baiolojia na wauguzi wanaopima damu wayaeleze haya kwa Kiswahili, kabla karatasi haijafika nyumbani. Wahenga waliposema kitanda hakizai haramu, walikuwa wakimkinga mtoto na ndimi za watu. Sisi tumeongezewa ushahidi, tuutumie kumkinga.