GREDI SIO CHEO! Mastaa Wanavyowalisha Vijana Matango Pori Kuhusu Pikapu za "Fulu Opsheni"

Mjini sasa hivi ukiwa staa halafu huna dabo kebini, watu wanahesabu bado hujaomoka. Enzi za kila msanii kushusha sedani ya Kijerumani zimepita. Siku hizi ni pikapu ndefu, tairi za mapande, taa juu ya paa na maandishi makubwa kwenye grili. Hapo hakuna ubaya, pikapu ni gari ya maana. Shida ni maneno yanayoandikwa chini ya picha: "Gredi ya juu kabisa, zile za chini tumewaachia wakulima."

Chawa wanamwaga moto na makopa, na dogo wa Mbagala anayedunduliza mkwanja wa gari yake ya kwanza anasoma na kuamini. Anaondoka na somo moja kichwani, kwamba ukinunua gredi ya chini umefeli maisha. Uongo huo unawatoa vijana pesa ndefu.

Ukweli uko hivi. Pikapu ya jina moja hutoka kiwandani kwa ngazi kadhaa. Mfano mzuri ni Ford Ranger, mchuma unaopendwa kwenye video za Bongo Fleva. Chini kuna XL, inafuata XLS, halafu XLT, halafu Wildtrak, na juu kabisa Raptor. Wapiga picha wanaisoma orodha hiyo kama vyeo vya jeshini, XL kuruta, Raptor jenerali. Sivyo. Kila ngazi ni jibu la swali "hii gari itafanya kazi gani?" Asiyejiuliza swali hilo atajibiwa na muuzaji, na muuzaji siku zote jibu lake ni la bei ya juu.

Raptor isiyo na Raptor ndani

Kuna msanii mmoja wa Bongo Fleva (jina kapuni) alitupia Insta ndinga yenye neno RAPTOR limejaa grili nzima. Mji ukasimama. Siku mbili baadaye wadau wa magari wakaikuza ile picha iliyopigwa kutoka nyuma, wakaona springi za vyuma bapa vilivyopangwa kama kurasa za daftari. Kesi ikaishia hapo.

Raptor ya kweli haina hizo. Tangu ya kwanza ilipozinduliwa Bangkok mwaka 2018, nyuma ina springi za koili, na shokapu zake ni za Fox, zilizotengenezwa kuhimili mwendo mkali kwenye mchanga na mashimo. Tairi zake ni 285/70 R17, na gari yenyewe ni pana kuliko ndugu zake. Iliyokuja mwaka 2022 imeongezwa injini ya petroli ya V6 lita 3.0 yenye turbo mbili, pamoja na loki za difu mbele na nyuma. Hiyo ndiyo pesa ya Raptor inakokwenda, chini ya gari ambako kamera haifiki.

Alichonacho staa wetu ni XLT iliyovalishwa grili, bampa na mabawa ya plastiki gereji. Gari yake, hela yake, avae anachotaka. Lakini kuwaambia mashabiki laki kadhaa kwamba hiyo ni Raptor ni kuwapiga changa la macho.

Urefu sio 4x4

Kisa cha pili kinauma zaidi. Mwigizaji mmoja wa Bongo Muvi (jina kapuni pia) alinunua Wildtrak iliyoingia kutoka Afrika Kusini. Viti vya ngozi, skrini kubwa, rimu zinang'aa. Msimu wa mvua akaamua kwenda kuona shamba, njia ya Matombo kuelekea Kisaki, Morogoro. Tope likamkamata. Tairi za nyuma zinazunguka, za mbele zimetulia kama zinasubiri daladala. Akavutwa na trekta, na kwenye komenti watu wakaitukana Ford.

Ford hakukosea kitu. Ile Wildtrak ilikuwa 4x2. Ndiyo, zipo. Afrika Kusini, ambako Ranger huundwa pale Silverton, Pretoria, Wildtrak imeuzwa kwa 4x2 na kwa 4x4. Hata Toyota Hilux, ambayo kule huundwa Prospecton, Durban, ina matoleo yaliyoinuliwa juu kama 4x4 huku yakisukumwa na tairi za nyuma peke yake. Wenyewe wana sababu nzuri, maana mtu anayeishi kwenye lami na kupita changarawe mara moja moja anapata urefu bila kulipia mitambo ya mbele. Kosa ni la mnunuzi wa Dar anayeona gari ndefu na kudhani anajua kilichomo.

Kutofautisha hakuhitaji fundi. Karibu na gia kuna kitufe cha kuzungusha au kijiti chenye 2H, 4H na 4L. Kama hakipo, hiyo gari sio 4x4, hata ikiandikwa jina la mnyama gani ubavuni. 4H inapeleka nguvu tairi zote nne kwa mwendo wa kawaida, kwa tope jepesi na mchanga. 4L inapunguza mwendo na kuongeza nguvu, kwa mlima mkali au gari iliyozama. Halafu kuna loki ya difu. Bila loki, tairi moja ikiteleza hewani, nguvu inakimbilia huko huko na gari haitoki. Ukiifunga, tairi za pande mbili zinazunguka kwa pamoja na ile iliyokanyaga ardhi ngumu inakutoa.

Kinachochekesha ni kwamba XL ya 4x4, ile ya "wakulima" yenye rimu za chuma, ingetoka kwenye tope lile huku Wildtrak ya 4x2 ikibaki pale inapigwa picha. Kwa hiyo nani yuko gredi ya juu?

Jenerali asiyebeba magunia

Turudi kwa Raptor yenyewe, ile halisi. Ni mashine hasa, kwenye njia mbovu kwa mwendo mkali ndugu zake hawaioni ndani. Lakini ulaini ule una bei yake, inabeba kidogo. Raptor ya kwanza iliyouzwa Uingereza ilipewa uwezo wa kubeba kilo 620. Ranger na Hilux nyingi za kazi hubeba takriban tani moja. Kukokota tela, Raptor ni tani 2.5 wakati ndugu zake wengi ni tani 3.5. Hata kule Uingereza, kwa kuwa haifiki tani moja, watu wa kodi hawakuihesabu kama gari ya biashara.

Piga hesabu ya saruji. Watu wazima watano wa kilo 75 ni kilo 375. Kwenye kilo 620 zinabaki 245, yaani mifuko minne ya kilo 50 na chenji. Kwenye pikapu ya tani moja zinabaki 625, mifuko kumi na mbili. Kijana anayejenga Goba au anayelima matikiti Mlandizi akishauriwa akope benki anunue Raptor "kwa sababu ndiyo ya juu", ameshauriwa alipe zaidi ili abebe theluthi ya mzigo. Huyo mshauri ana deni naye.

Na sio bei ya dukani tu. Ushuru wa gari inayoingia nchini unakatwa kwa asilimia ya thamani yake, kwa hiyo kila ngozi na kila skrini unailipia mara mbili, kwa muuzaji na bandarini. Baadaye inakuja zamu ya tairi. 265/65 R17 inavaliwa na Hilux nyingi, Prado na Ranger za kati, kwa hiyo kuipata ni rahisi. Ukihamia rimu za inchi 20 zenye tairi za ubavu mwembamba ili gari ikae vizuri kwenye picha, jiwe moja la barabara ya changarawe linatosha kukuharibia safari.

Ngozi inashonwa, difu haishonwi

Kanuni ya kuchagua gredi ni fupi kuliko maneno ya muuzaji. Lipia kwanza kile ambacho hakiongezeki baadaye.

Viti vya ngozi? Kinondoni na Sinza kuna mafundi wanashona wiki moja. Skrini na kamera ya nyuma vinafungwa mchana mmoja. Rimu, taa za paa, bampa la chuma, vyote viko madukani. Lakini mitambo ya kuendesha tairi za mbele, 4L, injini yenye nguvu ya kutosha na uwezo wa kubeba ulioandikwa na kiwanda, hivyo ukivikosa siku ya kununua umevikosa. Kuvifunga baadaye ni gharama ya kununua gari nyingine.

Kuna kitu kimoja cha gredi za juu kinachostahili heshima, nacho ni usalama. Katika masoko mengine gredi za chini huja na mifuko ya hewa michache, au hukosa mitambo inayozuia gari isiyumbe. Hivyo havifungwi mtaani, na anayebeba familia ana haki ya kupanda ngazi moja kwa ajili hiyo. Ajabu ni kwamba hakuna staa hata mmoja anayetupia picha ya idadi ya mifuko ya hewa.

"Lakini staa ni brandi, bwana"

Watetezi wana hoja, nayo isikilizwe. Wanasema msanii anauza muonekano. Akifika kwenye shoo na XL ya rimu za chuma, promota anamshusha bei. Gari kwake ni vazi la kazini kama cheni na miwani.

Sawa kabisa. Mtu ambaye kazi yake ni kuonekana anunue gari ya kuonekana, hiyo nayo ni kazi ambayo gredi inaifanya. Ila asiwageuzie kibao wengine. Anayelipwa kwa kuonekana hana haki ya kumcheka anayelipwa kwa kubeba.

Mfano upo. Beki mmoja wa Ligi Kuu (kapuni) alinunua pikapu ya gredi ya chini ya 4x4, nyeupe, viti vya kitambaa. Mitandaoni wakamwita mwalimu wa kilimo. Hakujibu. Gari ile ikasomba tofali za nyumba yake, ikasomba na za majirani kwa malipo. Waliomcheka wengi bado wanalipa marejesho ya magari wanayoogopa kuyapitisha kwenye dimbwi.

Tena ukitoka Dar ukaenda mbugani au kwenye migodi, gari inayoheshimiwa kuliko zote ni Land Cruiser zile za mkonga. Rimu za chuma, vioo vya kuzungusha kwa mkono, na hakuna anayeuliza gredi. Wanauliza kama inafika.

Anayelia mwishoni

Mchezo huu ungekuwa wa kuchekesha kama ungeishia Insta. Hauishii huko. Staa akiichoka ile "Raptor" anaiuza, na dalali anaitangaza kwa jina lililoandikwa kwenye grili. Anayekuja na pesa ni kijana aliyeuza kiwanja cha urithi Kigamboni. Analipa bei ya Raptor, anaondoka na XLT ya plastiki. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na ngoma yote ilianzia kwenye posti moja iliyopata laiki nyingi.

Kinga yake ipo kwenye kadi ya gari. Angalia ujazo wa injini. Raptor za dizeli ni lita 2.0, ya petroli ni lita 3.0. Kadi ikisema 2,198 au 3,198, hiyo ni Ranger ya injini ya zamani ambayo haikuwahi kuwekwa kwenye Raptor. Kisha chungulia nyuma chini ya bodi. Ukiona vyuma bapa vilivyopangwa, rudisha pochi mfukoni. Mwisho, peleka namba ya chasisi kwa wakala, yeye atakwambia gari ilizaliwa gredi gani. Dakika kumi tu, na hazihitaji ufuasi wa mtu yeyote.

Mastaa waendelee kuvimba, mji bila mbwembwe unaboa. Ila wakiandika "gredi ya juu", waandike na kilo inazobeba, waandike kama ina 4L, wapige na picha ya chini ya gari. Asiyeweza kupiga picha hiyo akae kimya kuhusu wakulima, maana siku ya tope ni trekta lao litakalomvuta.

Mdau, ungepewa hela leo ungechukua ipi, XL ya 4x4 au Wildtrak ya 4x2? Na ni staa gani unahisi anatembelea plastiki? Majina weka kapuni, dondosha komenti hapo chini.