Jipu Lenye Midomo Mingi Si la Kungojea

Pale Holili, mpakani na Taveta, si ajabu kumkuta dereva wa lori au mfanyabiashara wa mahindi aliyejifunga kitambaa shingoni, akisema ana "kajipu tu". Kitambaa kikifunguliwa, mara nyingine huonekana uvimbe mgumu, wenye joto na maumivu, ukitoa usaha kwa matundu kadhaa. Hayo ni majipu mengi yaliyoungana chini ya ngozi. Husababishwa hasa na bakteria aitwaye stafilokokasi, na hupenda kisogo, mgongo na mapaja.

Wako wanaokimbilia kwanza homeopathia, tiba iliyoasisiwa na Mjerumani Samuel Hahnemann mwaka 1796. Hupewa Silicea, Hepar sulphuris au Anthracinum. Sheria yetu ya mwaka 2002 inaitambua tiba mbadala, nami simdhihaki anayeifuata. Huko mgonjwa husikilizwa kwa utulivu, jambo ambalo wengi wetu hospitalini tumelisahau.

Lakini kusikilizwa si kutibiwa. Dawa ya kiwango cha 30C imezimuliwa moja kwa mia, mara 30 mfululizo, hata isibaki chembe ya kilichotiwa mwanzo. Mwaka 2015, baraza la taifa la utafiti wa tiba la Australia, baada ya kupitia tafiti nyingi, lilitamka kwamba hakuna ugonjwa wenye ushahidi wa kutegemewa kuwa homeopathia inautibu. Jipu likipona baada ya vidonge hivyo, huenda limepasuka na kujisafisha lenyewe. Lisipopasuka, maambukizi yaweza kuingia katika damu, na siku zilizopotea hazirudi.

Hofu yangu kubwa zaidi ni kile kinachojificha nyuma ya jipu. Kwa wengi ni kisukari ambacho hakijapata kupimwa. Tena, kidonda chenye gamba jeusi kisichouma, hasa kwa aliyechuna mnyama aliyekufa, chaweza kuwa kimeta, ugonjwa usio mgeni katika mikoa yetu ya kaskazini.

Kwa hiyo, mhudumu mwenzangu, usimfokee mgonjwa kwa alikotoka. Muulize ametumia nini. Usaha upasuliwe kwa ganzi na kutolewa wote. Antibiotiki zitolewe panapostahili. Na asiondoke bila kupimwa sukari. Ikiwa alikuwa hajala tangu usiku na kipimo kikafika milimoli 7 kwa lita au zaidi, kirudiwe ili kuthibitisha kisukari.

Nawe ndugu mgonjwa, usilikamue wala kulitumbua kwa sindano ya nyumbani. Ukiwa na homa, au jipu likiwa usoni au uti wa mgongoni, fika kituoni siku hiyo hiyo. Ukipenda, njoo na vidonge vyako mfukoni, hatutakunyang'anya. Tunachokuomba ni kwamba visikucheleweshe. Usipoziba ufa utajenga ukuta.