Vijidudu vya Maharage Navyo Vinataka Benki

Leo tuache siasa za bweni, tuongelee maharage. Tena ya kwetu, ya Kasulu na Buhigwe, yale yanayoteremka mpaka Kigoma mjini na Ujiji.

Ng'oa mche wa maharage taratibu uangalie mizizi. Utaona vinundu. Pasua kimoja kwa kucha: kikiwa chekundu chekundu ndani, kinafanya kazi, kikiwa cheupe, hamna kitu. Humo wanaishi bakteria waitwao raizobia, wanaochukua naitrojeni hewani na kuupa mmea. Mbolea ya bure jamani, na bei ya urea si mnaijua!

Sasa, bakteria hawa wapo wachapakazi na wapo wavivu. Watafiti wakishawapata wachapakazi, wanawatunza wapi? Wakiachwa kwenye friji ya mradi, mradi ukiisha au umeme ukikatika siku tatu, basi tena. Anakuja mwingine anaanza sifuri, na pesa nyingine ya mfadhili.

Majirani zetu Wakenya wana kituo cha MIRCEN pale Kabete, Chuo Kikuu cha Nairobi, tangu miaka ya 1970, kwa kushirikiana na UNESCO. Kinatunza raizobia, na ndiko ilikotoka Biofix, ile ya kupaka mbegu kabla ya kupanda. Wabrazili nao wanapandia maharage bakteria aitwaye CIAT 899, aliyetoka Kolombia. Aliyetunza ndiye anayegawa.

Eti tuagize tu? Tuagize, sikatai. Ila mgeni akitiwa kwenye udongo uliojaa raizobia wenyeji mara nyingi anazidiwa nguvu, halafu mkulima anasema kauziwa feki. Ndiyo maana wenyeji wa udongo wa Kigoma nao inabidi wachunguzwe na kutunzwa.

Arusha kuna kituo cha taifa cha kuhifadhi mbegu za mimea, safi sana. Mi nasema na vijidudu vipewe chumba, fundi wa kudumu, na fungu kwenye bajeti ya serikali, siyo ya mradi. Vikigandishwa, vikakaushwa na kufungwa vizuri kwenye vichupa vya kioo, hukaa miaka mingi. Na kila kichupa kiandikwe kijiji kilikotoka, ili siku kampuni ikitengeneza pesa, Heru Juu nayo iwe na cha kudai.

Kihinga, hapo hapo Kigoma, tayari kuna kituo cha TARI kinachoshughulika na michikichi. Kukusanya udongo kungeanzia hapo.