Fedha za shule zihesabiwe na mzazi

Mfanyabiashara wa Busia hapokei gunia la mahindi kabla halijapimwa kwenye mizani. Lakini mtu huyohuyo, mtoto wake akiwa shule ya serikali, hajui shule imepokea shilingi ngapi muhula huu, wala haulizi.

Pande zote mbili za mpaka watu hubishana nani ashike fungu hilo: wizara, wilaya, kaunti au mbunge. Mimi nasema ashike mzazi, na Uganda ilishalipa ada ya somo hili. Wachunguzi walipopitia hesabu za shule za msingi 250 za miaka ya 1991 hadi 1995, waligundua kwamba katika kila shilingi 100 ambazo serikali kuu ilitoa kwa matumizi ya shule, kwa wastani 13 tu ndizo zilizofika. Nyingi zilikwama wilayani. Wazazi wengi hawakulalamika kwa sababu hawakujua kama zipo. Kisha serikali ikaanza kutangaza migao magazetini, na shule zikatakiwa kubandika hesabu ukutani. Kufikia 2001, shilingi 80 na zaidi zilikuwa zinafika. Magazeti hayakuifanya kazi hiyo peke yake, lakini aliyezoea kuchota alijua sasa anatazamwa.

Kenya hutuma fedha moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Kiwango kilichowekwa cha shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mtoto kwa mwaka, kwa hiyo watoto 600 ni shilingi 852,000. Zikichelewa, mwalimu mkuu hukopa chaki na maharagwe kwako wewe mwenye duka, kisha mzazi huitishwa mchango. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inatoa viti sita vya wawakilishi wa wazazi katika bodi ya shule. Wako unawajua?

Wizara itume, mkaguzi akague, matumizi yaamuliwe na bodi hiyo. Watasema wazazi hawajui hesabu. Mama anayebadilisha shilingi za Kenya kuwa za Uganda kichwani pale Malaba, wilayani Tororo, hajui hesabu? Kinachonitia wasiwasi ni saa: mkutano ukiitishwa asubuhi siku ya soko, mchuuzi hatafika. Uitishwe Jumapili alasiri, na karatasi ya mgao ibandikwe getini wiki moja kabla.