Mwiko Wangu na Treni ya Muvuke

Juma lililopita niliwaahidi kwamba tutazungumza juu ya watoto wanaoshindwa hesabu za masaa na dakika. Ahadi ni deni, nitailipa. Lakini leo nitapitia njia ya treni, na habari inaanza na mwiko wangu wa bukari uliopotea.

Ilikuwa siku ya tatu, magaribi. Umeme ulikuwa umekatika, maji yalikuwa yanachemuka kwenye mbabula, na mwiko hauonekani. Nikaita. Binti yangu akajibu kutoka chumba cha babu yake: «Mama, ngoja kidogo, mwiko uko ndani ya treni!»

Nikaingia. Chini kulikuwa kartoni zimeunganishwa kutoka ukuta mumoja mpaka mwingine. Juu ya kartoni kulikuwa reli za waya, nyumba tatu ndogo za gare, mikebe ya sardini iliyogeuzwa kuwa wagoni, na mukebe wa nyanya uliolazwa wenye bomba la moshi: lokomotivi. Baba mukwe wangu alikuwa amepiga magoti karibu na taa. Yeye alifanya kazi ya reli miaka mingi. Alianza kijana, siku za mwisho za treni za muvuke. Tangu alipokuja kuishi na sisi, alikuwa anakaa mulangoni kutoka asubui mpaka magaribi, akinyamaza.

Nilikuwa nimechoka. Nikasema maneno ambayo leo ninaona haya kuyaandika: «Baba, mutoto ana egzame ya mwisho wa primeri, na hapa anacheza na takataka.» Muzee hakujibu. Alipangusa mwiko kwa shati lake, akanipa kwa mikono miwili. Kesho yake kartoni zote zilikuwa nyuma ya mulango, naye amerudi kwenye kiti chake.

Kisha siku tatu nilikuwa ninaangalia kaye ya binti yangu. Swali lilikuwa hili: treni inatoka saa 6h50, inafika saa 8h15, imetembea muda gani? Alikuwa ameandika 1h65, halafu amefuta mwenyewe na kuandika 1h25.

Wamama, kosa hilo la 1h65 mimi ninalijua sana. Kila mwaka ninalikuta darasani. Mutoto anaandika 8h15 kutoa 6h50 kama vile ni 815 kutoa 650. Wakati dakika 15 hazitoshi kutoa 50, anakopa saa moja, lakini anaihesabu kama dakika 100, kumbe saa ina dakika 60. Anapaswa kufanya 8h15 kuwa 7h75, kisha kutoa 6h50. Nimelieleza ubaoni mara nyingi, na binti yangu mwenyewe alikuwa ananiangalia tu.

Nikamuuliza: «Nani alikusahihisha?» Akasema kwa sauti ndogo: «Babu. Alisema nikiandika 1h65, treni mbili zitagongana Luishia.»

Nilikwenda mulangoni, nikaketi chini karibu na kiti cha muzee. «Baba, nilikosa. Ninaomba unionyeshe ile treni.» Alikaa kimya kidogo, halafu akaniambia: «Basi lete mwiko, Mwalimu.»

Sasa niwaeleze nilichoonyeshwa, sababu hayo hayakuwa mambo ya takataka.

Reli ilifika hapa kwetu kutoka kusini, kupitia Sakania, mwaka wa 1910, wakati muji wetu ulikuwa unaitwa Elisabethville. Kisha iliendelea mpaka Bukama mwaka wa 1918, na mpaka Ilebo mwaka wa 1928. Kati ya Likasi na Tenke umeme ulianza kuvuta treni mwaka wa 1952. Mbele ya hapo kazi ilikuwa ya moto na maji, na mahali pengi muvuke uliendelea kuvuta hata kisha mwaka huo.

Lokomotivi ya muvuke si kama motokari unayowasha kwa ufunguo. Lazima moto uwashwe masaa mengi mbele ya safari, mpaka maji ya ndani yachemuke na muvuke upate nguvu. Kuna mashinisti anayeendesha, na kuna mutu wa moto anayetupa kuni ao makala ya mawe. Njiani inasimama kunywa maji. Majivu yanaondolewa. Kwenye mwisho wa njia inafunguliwa, inapita kwenye reli ya pembeni na kufungwa upande mwingine wa wagoni ili irudi. Yote hayo yanakula wakati, na wakati huo unaandikwa.

Juu ya kartoni, muzee hakuacha hata moja. Lokomotivi ya mukebe inabeba mawe madogo sita. Hayo ndiyo maji. Safari ya kipande kimoja inakula mawe matatu. Ukisahau kunywa maji, treni inasimama katikati ya pori, na wewe unaandika kwenye kaye sababu ya kuchelewa. Kuna saa ya kartoni pia: dakika moja ya saa ya kweli ni dakika tano za reli.

Na mwiko? Njia ni moja tu, na treni zinatoka pande mbili. Basi kila kipande cha njia kina kitu chake kimoja. Kati ya Lubumbashi na Luishia ni mwiko. Kati ya Luishia na Likasi ni kijiko kikubwa cha mboga. Mashinisti asiye na mwiko mukononi haingii kwenye kipande cha mwiko. Na kwa kuwa mwiko ni mumoja, treni mbili haziwezi kukutana humo. Siku za muvuke, katika inchi nyingi, mashinisti walikuwa wanapewa fimbo namna hiyo hiyo kwenye njia za reli moja. Kisha hapo, shefu wa gare anauliza shefu wa gare ya mbele: «Njia iko wazi?» Akijibiwa «iko wazi», anaandika saa, halafu treni inatoka.

Angalieni hesabu inayozaliwa hapo. Treni ya kwanza inatoka Lubumbashi saa 6h50, inafika Luishia saa 8h15. Inakunywa maji dakika 15, iko tayari saa 8h30. Treni ya pili inatoka Likasi saa 7h05, inatembea saa moja na dakika 20, inafika Luishia saa 8h25 ikibeba kijiko. Hapo wanabadilishana: huyu anapokea kijiko, yule anapokea mwiko. Lakini treni ya Likasi ikichelewa dakika 20, itafika saa 8h45. Basi treni ya kwanza itangojea, hata kama maji yake yamejaa na abiria wanalalamika. Binti yangu anahesabu hayo yote bila kulia, sababu jibu lake ndilo linasema nani anatoka na nani anangojea.

Sasa sikilizeni kilichotokea juma lililofuata. Mutoto wa shemeji yangu, kijana wa miaka 14, alikuja kucheza. Alipewa kazi ya mashinisti. Binti yangu alikuwa shefu wa gare wa Luishia. Treni ya Likasi ilikuwa imechelewa. Kijana akachoka kungojea, akasukuma lokomotivi yake bila kijiko. Binti yangu akaweka mukono mbele ya treni: «Hauna kijiko. Rudi.» Kijana akacheka: «Wapi umeona musichana anaamuru mashinisti?»

Ninawaambia ukweli, wamama: nilikuwa pale, nikataka kusema, «Mwachie kaka yako, ni muchezo tu.» Neno hilo lilikuwa limefika kwenye ulimi. Ni namna gani wasichana wetu wanajifunza kunyamaza? Ni sisi tunaowafundisha, siku moja kwa siku moja, kwa maneno madogo kama hayo.

Muzee alifunga kaye. «Leo treni hazitembei.» Akamuambia kijana: «Nyuma ya lokomotivi yako kuna wagoni nane za watu. Mule kuna mama yako anayepeleka karanga sokoni. Shefu wa gare amekataa sababu ya yeye, si sababu ya kukushinda wewe. Mashinisti mukubwa ni yule anayejua kusimama.» Kisha akanyamaza, na sisi wote tukanyamaza. Haikupita muda, kijana akarudisha treni kwa mukono wake na kuuliza: «Shefu, njia iko wazi?» Binti yangu akaangalia saa, akahesabu na vidole, akajibu: «Bado dakika kumi.» Na kijana akangojea dakika zake kumi.

Kuna watu wazima pia, mbali na hapa, walioona kwamba kazi hii ina faida. Uingereza kulikuwa muchungaji wa kanisa la Anglikana, Peter Denny. Katika miaka ya 1940, kisha vita ya pili ya dunia, alianza kujenga nyumbani kwake reli ndogo inayoonyesha maisha ya mwaka wa 1907. Aliiita Buckingham. Kila kitu kilipimwa: alichukua kipimo cha 1 kwa 76, maana yake mama mwenye urefu wa metre 1,60 anakuwa na sentimetre 2 tu. Alitengeneza wagoni, nyumba na watu kwa mikono yake. Treni zake zilitembea kwa kufuata ratiba, na gare moja ilizungumza na nyingine kwa kengele, kama siku za muvuke. Alikufa mwaka wa 2009, lakini reli yake ingali ipo.

Binti yangu alifanya hesabu kwa kipimo hicho. Kutoka Lubumbashi mpaka Likasi ni karibu kilometre 120. Ukigawanya kwa 76, unapata zaidi ya kilometre moja na nusu. Nyumba gani itaenea kartoni hiyo? Ndiyo sababu watengenezaji wa treni ndogo wanafupisha njia. Lakini sheria hawazifupishi, na mupangilio wa kazi hawaukati.

Jambo moja la muchungaji huyo limenigusa kama muzazi. Mutoto wake Crispin alikuwa anamusaidia kuendesha. Mutoto anakua, anaenda zake. Basi baba akatengeneza mashine ya kushika nafasi yake, na mashine hiyo ikaitwa «Crispin wa otomatiki». Wamama, fikirini hilo. Mutoto alikuwa amepewa kazi ya kweli, kiasi kwamba alipokosekana, pengo lilionekana na lilihitaji mashine nzima. Je, watoto wetu nyumbani wana kazi ya namna hiyo, ambayo neno lao linahesabika? Ao tunawapa tu kubeba na kufagia, huku sisi tunaamua yote?

Kwa kikundi chenu, mukitaka kujaribu, hamuhitaji makuta mengi. Tafuteni kartoni, waya, mikebe iliyosuguliwa mipaka isikate vidole, kaye moja na saa moja. Fuateni mambo haya matano:

1. Chagueni gare tatu ambazo watoto wanazijua kwa jina.
2. Andikeni ratiba pamoja nao: saa ya kutoka, muda wa njia, muda wa maji, saa ya kufika.
3. Kila kipande cha njia kiwe na fimbo yake moja. Asiye na fimbo haendi.
4. Kila treni inayotoka na inayofika iandikwe na shefu wa gare. Akikosea, msifute ninyi. Muulizeni treni ilifika kweli saa hiyo?
5. Badilisheni kazi kila siku. Wasichana wapate zamu ya shefu wa gare na ya mashinisti, si ya kufagia gare tu.

Na kama karibu yenu kuna muzee wa reli, mumuite. Msimuite aje «kusimulia hadisi». Mumuite aje kusahihisha. Mutasikia tofauti katika sauti yake.

Mutaniuliza juu ya egzame. Bado haijafika. Katika kazi ya darasa ya mwezi uliopita juu ya masaa, binti yangu alipata pointi 2 kwa 10. Ya juma hili alipata 6. Si muujiza. Bado anakosea kwenye kilo na litre, na hapo treni haitoshi. Tutatafuta kitu kingine, labda soko. Lakini ameacha kuficha kaye yake ninapoingia. Na baba mukwe wangu, asubui, haketi tena akiangalia njia. Ananyoosha waya. Anasema gare ya Likasi inahitaji reli ya pembeni ndefu zaidi.

Swali la kuzungumza kwenye kikundi juma hili: ni mara ngapi, katika siku saba zilizopita, nilimuambia binti yangu «mwachie kaka yako»? Kila mama ahesabu mwenyewe, bila kumuangalia jirani.

Mimi nimenunua mwiko wa pili.

Tuonane juma lijalo. Ni mimi, mwalimu wenu.