Vyumba vya Mama na Mvua ya 2055

Mama anataka kujenga vyumba vya kupangisha kwetu Bungoma. Vinane, safu mbili zinazotazamana, kila kimoja futi kumi kwa kumi. Fundi yuko tayari. Kikwazo ni mimi.

Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo sina cheti cha kumringia mtu. Lakini nimepanga chumba Kitale miaka mitatu na kimenifunza. Dirisha ni moja, linatazama magharibi. Mabati, hakuna dari. Jua la saa tisa likiingia, unajitoa nje mwenyewe. Mvua ikinyesha, simu hupokei, manake husikii kitu. Maji yote yanateremkia barabarani, halafu kesho tunanunua mtungi kwa wa mkokoteni!

Hebu piga hesabu. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Kitale hupata kama milimita 1,200 kwa mwaka. Paa la mita 100 za mraba linapokea lita 120,000. Toa zinazomwagika, bado ni tangi juu ya tangi.

Kuna wasanifu wanaoanza na miaka ijayo. Si uganga. Unaipeleka nyumba hadi 2055 kichwani, unaiuliza: joto likizidi je? Mvua ikichelewa? Kisha unarudi kurekebisha ramani ya leo. Kule Turkana, ukishapita Kitale na Lodwar, Francis Kéré wa Burkina Faso alisanifu kampasi ya Startup Lions, iliyokamilika 2021. Ina minara kama vichuguu, hewa moto inapandia humo na kutoka. Mwaka uliofuata akapewa tuzo ya Pritzker. Alijifunza kwa mchwa, na sisi vichuguu tunavyo tele.

Mama akaniuliza, “Na hiyo 2055 ndiyo italipa fundi?”

Swali halali. Minara sijaomba. Nimeomba safu zigeuzwe tu. Tuko karibu na ikweta, jua linatoka mashariki kwenda magharibi, kwa hivyo madirisha yatazame kaskazini na kusini. Ploti ni mraba, inaruhusu. Kabla msingi haujachimbwa, kugeuza ni kuhamisha kamba na vigingi. Ukishamwaga zege, umefungwa miaka hamsini, wewe na wapangaji wako.

Jumamosi fundi alihamisha vigingi, akinung'unika. Tangi na mifereji ya paa, Mama bado amekataa.